Taa au mzunguko, tuta au kamera: namna ya kuchagua cha kuweka barabarani

Magari mawili yanakwenda sambamba kwenye lami kavu, moja kwa kilomita 50 kwa saa, jingine 60. Mita 30 mbele yao mtoto anachomoka kati ya magari yaliyoegeshwa. Madereva wote wawili wako macho na breki zao ni nzima. Kila mmoja anatumia sekunde moja kumwona mtoto na kukanyaga. Sekunde hiyo imeshakula mita 14 za yule wa kwanza na karibu mita 17 za yule wa pili. Gari la 50 linasimama mita mbili hivi kabla ya mtoto. La 60 linamfikia likiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 35 kwa saa. Kilomita kumi ambazo dereva hata hazihisi kwenye usukani zimetenganisha mtoto aliyeshtuka na mtoto aliyelazwa.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo mizani nitakayopimia kila kifaa hapa chini. Makosa barabarani yatatokea tu. Mtu atasinzia, atachungulia simu, atadhani zamu ni yake. Basi nauliza mambo mawili: kosa likitokea, kifaa hiki kinaliacha liishie kwenye mwendo gani? Na je, kinafanya kazi hata siku ambayo umeme umekatika na trafiki hayupo? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kwa hiyo kifaa kinachosifiwa kwa kupunguza foleni ya magari bado hakijanijibu swali langu.

Taa au mzunguko

Taa hugawa zamu. Mzunguko, ambao wengine huuita kipilefti na wengine raundabauti, hubana nafasi. Ukiuelewa utofauti huo, mengine yanafuata yenyewe.

Chukua njia panda ya kawaida yenye barabara nne. Ukichora mikondo yote ya magari utapata sehemu 32 ambazo gari moja linaweza kukutana na jingine, ama kwa kukatizana, ama kwa kuungana, ama kwa kuachana. Mzunguko wa njia moja una 8 tu, na hakuna hata moja kati ya hizo 8 ambapo gari linampiga mwenzake ubavuni kwa pembe mraba. Hilo ndilo pigo linaloua: mlango ni sehemu nyembamba kuliko zote za gari, na nyuma yake kuna mbavu za mtu. Kwenye taa, wote wakitii, hakuna shida. Lakini anayepitiliza nyekundu hafiki pale akinyata. Anafika na mwendo wake wote wa 60 au 70. Kwenye mzunguko uliojengwa vizuri, mkorofi huyo huyo analazimishwa na umbo la barabara kupunguza hadi 30 hivi, kwa sababu asipopunguza atapanda kisiwa. Ajali hutokea, ila huwa ni ya taa ya mbele iliyovunjika na watu wawili waliosimama pembeni wakigombana.

Mamlaka ya barabara kuu ya serikali ya Marekani inasema kugeuza njia panda yenye taa kuwa mzunguko hupunguza ajali za vifo na majeraha kwa asilimia 78. Mji wa Carmel katika jimbo la Indiana uliamini hesabu hizo mapema kuliko wengine, na leo una mizunguko zaidi ya 150.

Ila mzunguko si duara tu. Zamani anayeingia ndiye aliyepewa nafasi, na matokeo yake duara lilijaa likajikaba lenyewe. Uingereza iliweka kanuni mwaka 1966 kwamba anayeingia ampishe aliyemo ndani, na hapo ndipo mzunguko wa kisasa ulipozaliwa. Mahali ambapo madereva hawaifuati kanuni hiyo, mzunguko wako utaishia kuongozwa na askari kwa mikono, na hapo umejenga njia panda ya mviringo.

Kuna pia mzunguko wa uongo. Nenda ukaangalie lami. Kama alama za matairi zinapita karibu moja kwa moja, zikigusa kisiwa kwa mbali tu, ujue kisiwa ni kidogo mno au njia ni pana mno, na magari yanakatiza bila kupunguza chochote. Duara hilo ni pambo. Mchoro mzuri unampinda dereva kabla hajaingia, na kuzunguka kisiwa unaweka ukingo mpana uliojengwa chini kidogo, ambao tairi za nyuma za lori refu zinaweza kuukanyaga lakini gari dogo halitamani.

Mzunguko unashindwa wapi? Kwanza magari yakizidi. Njia moja hubeba takriban magari 20,000 hadi 25,000 kwa siku. Ukiongeza njia ya pili ndani ya duara, watu wanaanza kubadili njia wakiwa kwenye kona na sehemu kubwa ya faida inapotea. Pili, mkondo mmoja ukiwa mkubwa sana kuliko mingine, wanaotoka barabara ndogo watasubiri hadi wachoke, na aliyechoka hujitosa. Tatu, na hili huwa halisemwi vya kutosha, mtu asiyeona. Kwenye taa yenye mlio anajua zamu yake. Kwenye mzunguko magari hayasimami kwa pamoja, kwa hiyo hasikii pengo. Baiskeli nazo huteseka kwenye mizunguko mikubwa. Kama eneo lako lina wengi wa hao na barabara ni ya njia mbilimbili kila upande, mimi ningechagua taa.

Ukichagua taa, usinunue nguzo tu, nunua sekunde. Sekunde moja au mbili ambazo pande zote ni nyekundu ndizo usalama wa bei nafuu kuliko wote kwenye njia panda, kwani zinampa aliyechelewa nafasi ya kutoka kabla wengine hawajaruhusiwa. Njano nayo ilingane na mwendo wa barabara, kati ya sekunde 3 na 5. Njano fupi inatengeneza wahalifu wasiokusudia.

Halafu kuna muda wa mtembea kwa miguu. Hesabu ya kawaida humpa mtu mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 inapata sekunde 12, na mhandisi anafunga daftari. Sasa mwangalie bibi mwenye mkoba anayetembea mita 0.8 kwa sekunde. Sekunde 12 zinaisha akiwa bado na mita nne na ushee mbele yake, na magari yanaanza kunguruma. Yeye hajakosea popote. Aliyekosea ni aliyechagua namba. Dawa yake haihitaji teknolojia mpya: ongeza sekunde, na waache waenda kwa miguu waanze kuvuka sekunde 3 hadi 7 kabla magari hayajapewa kijani, ili anayekata kona awakute tayari wako katikati na awaone.

Na umeme? Taa ya kwanza ya barabarani iliwekwa London mwaka 1868, ikitumia gesi, na haikumaliza hata miezi miwili: Januari 1869 ililipuka na kumjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha. Nishati imekuwa donda la taa tangu siku ya kwanza. Taa zilizozimika ni hatari kuliko njia panda isiyo na taa kabisa, kwa sababu kila anayekuja anakumbuka kwamba upande wake ndio wenye haki. Mzunguko haujui kama umeme umekatika. Panapo mgao wa mara kwa mara, taa bila betri ya akiba ni mapambo ya gharama.

Vipi kuhusu taa zenye akili?

Hizi zinauzwa kwa maneno mengi, kwa hiyo nitasema machache. Waya uliozikwa kwenye lami, kamera au rada huhesabu magari, na kompyuta hugawa kijani kulingana na foleni. Si jambo la jana; mfumo wa SCATS wa Sydney na ule wa SCOOT wa Uingereza una mizizi ya miaka ya 1970. Vinafanya kazi nzuri. Lakini kazi yenyewe ni kupunguza kusubiri. Usalama huja kama nyongeza, na wakati mwingine hauji: barabara tupu saa nane usiku yenye kijani kirefu ni mwaliko wa mbio. Waya wa chini nao mara nyingine hauioni pikipiki au baiskeli, kwa sababu chuma chake ni kidogo. Mpanda baiskeli anasubiri zamu moja ya taa, ya pili, ya tatu anapita na nyekundu.

Matumizi ninayoyapenda ni ya Ureno na Hispania, ambako zipo taa zinazopima mwendo wa anayekuja. Ukizidi, inakuwa nyekundu na unasimama. Ukija taratibu, unapita. Hakuna faini wala barua. Adhabu inakuja palepale, mbele ya waliokuwa wakikuhimiza kwa honi. Ukilazimika kununua akili, nunua ya namna hiyo.

Tuta au kamera

Tuta linalala barabarani usiku na mchana na halijui cheo cha mtu. Kamera inaandika barua.

Arthur Compton, mshindi wa Nobel ya fizikia, alichoshwa na magari yaliyokuwa yakikimbia karibu na chuo chake St. Louis, na mwaka 1953 akakaa chini akabuni matuta yake mwenyewe. Inanifurahisha kwamba aliyezoea kupima miale aliona tatizo hili linastahili hesabu, kwa sababu mpaka leo matuta mengi yanajengwa kwa koleo na hisia. Tuta zuri la mtaani ni refu na la taratibu, takriban mita 3.7 kwa urefu na sentimita 10 kwa kimo. Gari linapanda na kushuka bila kuruka, ila tu kama linakwenda polepole. Tuta fupi lenye mgongo mkali linafanya kinyume: dereva mjanja hugundua kwamba akilipita kwa kasi mtikisiko unaisha haraka, anayevunjika springi ni yule mwaminifu, na mgonjwa kwenye gari la wagonjwa anahesabu kila moja kwa maumivu. Lisipopakwa rangi na kuwekewa alama, usiku linamrusha mwendesha pikipiki. Hapo kifaa cha usalama kimegeuka mtego.

Tuta moja pia halitoshi. Madereva hupunguza, hulivuka, kisha hukanyaga mafuta kulipa muda waliopoteza. Yapangwe kwa mfululizo, kiasi kwamba hakuna nafasi ya kuchanganya gia kati ya moja na jingine. Na yasiwekwe ghafla kwenye barabara ambayo watu wanatoka na mwendo wa 100. Huko anza na rasta, vile vimatuta vidogo vidogo vinavyotetemesha usukani na kumwamsha dereva. Kwenye makutano ya Suhum nchini Ghana, njia kuu ya Accra kwenda Kumasi, rasta zilipunguza ajali kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa takriban asilimia 55. Hazina waya wala programu.

Kamera ina nguvu yake, tena kubwa, lakini nguvu hiyo haikai ndani ya kamera. Ufaransa ilianza kuweka kamera za mwendo zinazojiendesha mwishoni mwa 2003, zikiwa sehemu ya msukumo mkubwa wa serikali. Vifo vilivyokuwa zaidi ya 7,000 mwaka 2002 vikashuka chini ya 5,000 kufikia 2006. Si kamera peke yake iliyofanya hivyo, ila ilikuwa nguzo. Kumbuka lakini nyuma ya kila kamera kulikuwa na nini: daftari la magari linaloaminika, anwani za wenye magari, ofisi inayotuma faini ndani ya siku chache, na mahakama inayozitambua. Pasipo hayo, kamera ni nguzo yenye jicho. Madereva huligundua hilo ndani ya wiki mbili.

Tatizo la pili ni la kangaruu. Dereva anaiona kamera, anabana breki, anaipita, anaruka tena. Ndiyo maana kwenye barabara ndefu ningeacha kamera ya sehemu moja nikachukua ile ya wastani: kamera mbili zilizoachana kwa kilomita kadhaa, zinasoma namba ya gari mwanzo na mwisho, kisha zinagawa umbali kwa muda. Huwezi kuidanganya kwa kukanyaga breki. Utafiti wa RAC Foundation wa Uingereza uliotoka 2016 ulikuta ajali za vifo na majeraha makubwa zilipungua kwa takriban asilimia 36 zilipowekwa.

Ukisomewa takwimu za namna hii na muuzaji, muulize zimepimwaje. Kamera huwekwa mahali palipokuwa na mwaka mbaya, na mwaka mbaya mara nyingi hufuatwa na mwaka wa kawaida hata usipoweka kitu. Upungufu huo wa bahati haumhusu yeye, na haufai kuingia kwenye ankara yake.

Kwa barabara ya mtaa au ya shule, basi, sina haja ya kufikiri mara mbili: tuta. Barua ya faini itafika wiki ijayo na mtoto anavuka sasa hivi. Kwa barabara kuu ndefu, kamera ya wastani, ila iwe na ofisi nyuma yake.

Daraja la watembea kwa miguu au kivuko cha usawa wa barabara

Daraja linapendeza kwenye picha ya ufunguzi. Lakini angalia nani analipa: gari haligharimiki chochote, mtembea kwa miguu anapanda ngazi za mita tano au sita, anavuka, anashuka, na ana mzigo. Watu hupima kwa miguu, si kwa mabango. Kama kupita juu kunachukua muda mrefu kuliko kukatiza chini, wengi watakatiza chini. Kisha unawekwa uzio. Kisha uzio unatobolewa. Wakati huo barabara chini ya daraja imekuwa ya mbio zaidi, kwa sababu dereva ameambiwa hakuna mtu hapo. Daraja lina mahali pake, juu ya barabara ya kasi kweli isiyo na makazi pembeni au juu ya reli. Katikati ya watu, hapana.

Ila nisikusukume kwenye kosa lingine, la rangi tupu. Pundamilia iliyochorwa peke yake kwenye barabara ya njia mbilimbili yenye zaidi ya magari 12,000 kwa siku ilionekana, katika utafiti mkubwa wa Marekani, kuwa na ajali nyingi za wavukaji kuliko mahali pasipochorwa kitu. Ukisimama pembeni utaona kwa nini. Gari la njia ya kwanza linasimama kistaarabu. Mtu anaanza kuvuka. Gari lile lililosimama linamziba, na la njia ya pili, ambalo dereva wake anaona tu mwenzake kasimama bila sababu, linalipita kwa kasi. Ustaarabu wa dereva mmoja ndio uliomtoa mtu huyo kwenye njia ya mwingine.

Kinachofaa ni kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta bapa lenye pundamilia juu yake, na kisiwa katikati ambapo mtu anasimama salama akivuka upande mmoja kwa wakati. Mamlaka ile ile ya Marekani inahesabu kwamba kisiwa cha namna hiyo hupunguza ajali za wavukaji kwa asilimia 56. Ongeza jambo moja lisilohitaji saruji nyingi: ondoa maegesho mita chache kabla ya kila kona na kila kivuko. Hoboken, mji mdogo katika jimbo la New Jersey, ulifanya hivyo kona baada ya kona, na ukakaa miaka mingi kuanzia 2017 bila kifo barabarani. Yule mtoto wa mwanzo alichomoka kati ya magari yaliyoegeshwa.

Barabara kuu: kupanua au kutenganisha

Hapa sitakaa. Barabara ya kwenda na kurudi ambako watu wanakufa kwa kugongana uso kwa uso haihitaji upana zaidi. Upana unaongeza mwendo. Sweden, ambayo bunge lake lilipitisha mwaka 1997 lengo la kufikia vifo sifuri, iligawa upya barabara zake za upana wa mita 13 kuwa njia tatu: mbili upande mmoja, moja upande wa pili, zikipokezana kila baada ya kilomita chache, na katikati kamba za chuma. Anayetaka kuovateki anasubiri zamu yake ya njia mbili. Vifo kwenye barabara hizo vilipungua kwa takriban robo tatu na zaidi. Bila kamba, mchoro huo huo una faida ndogo sana.

Kabla ya kutia saini

Usiamue mezani. Nenda mahali penyewe mara tatu: asubuhi shule zinapofunguliwa, jioni, na usiku saa nne barabara ikiwa wazi. Tafuta nguzo mbili zilizoachana mita 50, simama pembeni usionekane sana, na chukua saa ya simu. Gari linalotumia sekunde 3.6 kati ya nguzo hizo linakwenda 50. Sekunde 3 kamili ni 60. Sekunde 2 na robo ni 80. Andika magari mia moja kila mara, pamoja na pikipiki, kisha hesabu wavukaji na uangalie wanavukia wapi hasa, si wanapotakiwa kuvukia.

Kama magari mengi ya usiku yako chini ya sekunde 3, tatizo lako ni mwendo, na taa haitalitibu. Tafuta tuta, mzunguko au kubana njia. Kama mwendo ni wa kawaida lakini watu wanagongana kwenye zamu, hapo taa au mzunguko vinaingia. Kama wavukaji wanavuka mita 80 kutoka kwenye pundamilia, sogeza pundamilia iwafuate. Na muuzaji wa kitu chochote chenye waya aandike kwenye mkataba ni nani atakayekuja taa ikifa, ndani ya saa ngapi, na kwa bajeti ya nani mwaka wa tatu. Daftari lako la magari mia moja lihifadhi. Utarudi nalo kwenye nguzo zile zile, siku ile ile ya wiki, kazi ikishakamilika.